Kuvu huvunjaje kinga za kemikali za mimea? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali yanayorudiwa zaidi na wanafunzi wa kilimo na baiolojia, pamoja na wakulima wadadisi wasioridhika na jibu la "piga dawa tu". Majina ya kisayansi ya kuvu yameachwa kama yalivyo, maana kuvu nyingi hazina jina jingine.

## Tuanzie hapa

Mmea hauna damu wala chembe nyeupe. Unajikingaje?

Kila seli ya mmea hujipigania. Hakuna askari wanaozunguka mwilini kumsaka adui, kwa hiyo seli inayoguswa na kuvu ndiyo inayopaswa kukaza ukuta wake, kumwaga kemikali na, mambo yakizidi, kujiua ili mvamizi akose pa kula.

Kemikali hizo si jambo la kufikirika. Tafuna jani bichi la haradali. Ule ukali unaopanda puani haukuwamo ndani ya jani dakika moja iliyopita. Jani lilikuwa limeweka glukosinolati mahali pamoja na kimeng'enya kiitwacho mirosinasi mahali pengine. Meno yalipopasua seli, viwili hivyo vikakutana na kuzaa isothiosianati, na hizo ndizo zinazochoma. Kuvu inayopasua seli za haradali hupokewa vivyo hivyo, ila yenyewe haina pa kutemea.

Kuna tofauti gani kati ya kemikali za akiba na zile zinazotengenezwa baada ya shambulio?

Za akiba zipo hata mmea ukiwa na afya tele, na huitwa fitoantisipini. Za pili hutengenezwa upya baada ya mmea kugundua kuwa umevamiwa, nazo ni fitoaleksini. Wazo la fitoaleksini lilitolewa Ujerumani mwaka 1940 na Müller na Börger, waliokuwa wakichunguza viazi vilivyoshambuliwa na Phytophthora infestans. Wakati huo lilikuwa wazo bila molekuli mkononi. Ilichukua miaka 20 hadi Cruickshank na Perrin walipotenga pisatini kutoka kwenye njegere, mwaka 1960.

Usiikariri tofauti hii kana kwamba ni tabia ya molekuli yenyewe. Sakuranetini hukaa kama akiba kwenye majani ya kichaka cha Ribes nigrum, lakini mpunga huitengeneza baada ya kushambuliwa. Molekuli ni moja, desturi za mimea ni mbili.

Kemikali hizi zinaiuaje kuvu?

Inategemea ni ipi. Saponini, kama zile za oti na nyanya, hung'ang'ania steroli, molekuli za jamii ya mafuta zilizo kwenye utando wa seli ya kuvu, na kuutoboa, kisha vilivyomo ndani vinavuja. Sianidi huzima upumuaji wa seli. Isothiosianati hujibandika kwenye protini na kuziharibu. Nyingi za fitoaleksini nazo huvuruga utando, ingawa kwa njia zisizo wazi kama ya saponini.

Ukungu, fangasi na kuvu ni kitu kimoja?

Katika mazungumzo ya kawaida, ndiyo. Tahadhari ni moja: Phytophthora na Pythium, ambazo shambani huitwa ukungu kama wengine, si kuvu halisi. Ni jamaa wa karibu zaidi wa mwani wa kahawia. Hazijitengenezei steroli, kwa hiyo saponini hazipati cha kushika. Zinapona bila kuvunja chochote.

## Namna uvunjaji unavyofanyika

Kuvu hutumia njia zipi?

Ya kwanza ni kukata. Saponini nyingi hubeba mnyororo wa sukari, na bila mnyororo huo makali yake hupungua. Kuvu hutema kimeng'enya kinachong'oa sukari moja au zote. Ya pili ni kubadilisha kidogo tu umbo la molekuli, kwa kuondoa kikundi cha methili, kuongeza oksijeni au kuongeza maji. Ya tatu inashangaza wengi: badala ya kuondoa sukari, kuvu huongeza. Sclerotinia sclerotiorum huibandika glukosi fitoaleksini ya kabichi iitwayo brasinini, na sumu inapoa.

Ziko pia njia zisizohusu kuvunja kabisa: kuitapika sumu nje ya seli, kuuzuia mmea usiitengeneze, au kusubiri hadi iishe yenyewe. Kila moja ina swali lake hapa chini, na kwa maoni yangu kuzisahau ndiko kunakowapotosha wengi wanaosoma mada hii.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni upi?

Oti, bila shaka.

Ukichukua mzizi mchanga wa oti na kuuweka chini ya miale ya urujuanimno, ncha yake inawaka rangi ya samawati. Mwanga huo unatoka kwenye avenasini A-1, saponini iliyojaa kwenye ngozi ya mzizi, mahali hasa ambapo kuvu ya udongoni ingetaka kupenya. Ngano haina kitu hicho.

Sasa kuna kuvu iitwayo Gaeumannomyces graminis, inayoozesha mizizi ya nafaka hadi masuke yanageuka meupe kabla ya wakati, bila punje ndani. Ina aina zinazotofautiana. Moja, tritici, hushambulia ngano na shayiri lakini ikifika kwenye oti inagonga mwamba. Nyingine, avenae, huingia kwenye oti pia, na ndiyo inayotengeneza avenasinasi, kimeng'enya kinachokata glukosi kutoka kwenye avenasini.

Mwaka 1995 kundi la Anne Osbourn nchini Uingereza liliiharibu kwa makusudi jeni ya avenasinasi. Kuvu iliyopokonywa jeni hiyo ilishindwa kabisa kuambukiza oti. Kwenye ngano iliendelea kuua kama kawaida. Sehemu hiyo ya pili ndiyo yenye uzito. Inaonyesha kuwa kuvu haikudhoofika mwili mzima. Ilipoteza ufunguo wa mlango mmoja tu.

Kisha wakaligeuza jaribio. Walitafuta miche ya oti ya aina ya Avena strigosa ambayo mizizi yake haiwaki chini ya miale hiyo, yaani isiyo na avenasini. Matokeo yaliyotoka mwaka 1999 yalionyesha kuwa mimea hiyo ilishambuliwa zaidi, hata na kuvu ambazo kwa kawaida oti huzikataa. Ni nadra kupata jambo la mimea lililothibitishwa kutoka pande zote mbili namna hii.

Nyanya nayo ina saponini. Huvunjwa kwa kimeng'enya hicho hicho?

Hapana, ingawa baadhi ya vimeng'enya ni ndugu. Saponini ya nyanya ni alfa-tomatini, yenye sukari nne: glukosi mbili, galaktosi moja na zailosi moja. Kila kuvu ina mahali pake pa kukata. Septoria lycopersici, inayoleta madoa ya majani, hung'oa glukosi moja. Fusarium oxysporum ya nyanya, inayoleta mnyauko, hung'oa mnyororo mzima na kubakiza tomatidini. Botrytis cinerea, kuvu ya ukungu wa kijivu, huondoa zailosi. Kimeng'enya cha Septoria ni cha ukoo mmoja na avenasinasi, ile inayokata saponini ya oti. Kile cha Fusarium ni cha ukoo mwingine kabisa. Kuvu hazikurithi hila hii kutoka kwa babu mmoja. Zimeigundua zaidi ya mara moja.

Kuna la ziada ambalo watu hulisahau. Utafiti uliotoka mwaka 2002 ulionyesha kuwa vipande vinavyobaki baada ya tomatini kukatwa si takataka. Vyenyewe huzima kinga nyingine za mmea. Yaani kuvu inampokonya mwenye nyumba panga, halafu inalitumia kumfunga mdomo mbwa.

Nimesikia njegere na "kromosomu ya ziada". Ni habari gani hiyo?

Njegere ikivamiwa hutengeneza pisatini. Kuvu iliyojulikana kwa miaka mingi kama Nectria haematococca ina kimeng'enya cha jamii ya saitokromu P450 kinachoondoa kikundi cha methili kwenye pisatini, na hapo sumu inaisha nguvu. Aliyeishughulikia zaidi ni Hans VanEtten wa Marekani, na leo kuvu hiyo inaitwa Fusarium vanettenii kwa heshima yake.

Jambo la ajabu ni mahali jeni hiyo inapokaa. Iko kwenye kromosomu ndogo, ya takriban herufi milioni 1.6 za DNA, ambayo kuvu inaweza kuipoteza bila shida yoyote. Kwenye sahani ya maabara aina isiyo na kromosomu hiyo hukua vizuri tu. Ni kama mfuko wa zana ambao hubebwa na wanaoenda kazini peke yao.

Mwaka 1989 jeni ya kimeng'enya hiki ilihamishiwa kwenye Cochliobolus heterostrophus, kuvu inayoyaletea mahindi ugonjwa. Ikaanza kuleta madoa kwenye njegere. Jeni hiyo hiyo ilipowekwa kwenye Aspergillus nidulans, ambayo huishi kwa kula vitu vilivyokufa, haikufua dafu. Ufunguo haumgeuzi kila mtu kuwa mwizi. Lazima awe tayari na ujuzi mwingine wa wizi.

Mtama na muhogo hutoa sianidi. Kuna kuvu inayoweza kuvumilia hiyo?

Ipo. Seli za mtama zikipasuka, dhurini iliyomo huvunjika na kutoa sianidi ya haidrojeni. Kwenye muhogo kazi hiyo hufanywa na linamarini. Gloeocercospora sorghi, inayochora madoa ya duara kwenye majani ya mtama, ina kimeng'enya kinachoongeza maji kwenye sianidi na kuigeuza formamidi, ambayo haina madhara makubwa kwake. Kabla hujaona kuwa fumbo limeteguka, soma swali la ushahidi hapa chini. Hadithi hii ina mkia.

Na kabichi, haradali na jamaa zao?

Hapa uwanja umejaa. Dhidi ya isothiosianati tulizozitaja mwanzoni, Sclerotinia sclerotiorum hutumia kimeng'enya kinachozivunja kwa maji. Dhidi ya brasinini, kila kuvu ina mapishi yake: Leptosphaeria maculans huiongezea oksijeni, Alternaria brassicicola huikata kwa maji, na Sclerotinia, kama tulivyoona, huibandika sukari. Sumu moja, majibu matatu.

Mahindi je?

Mahindi na ngano hutumia kundi la benzoksazinoidi, kama DIMBOA, ambazo huvunjika na kuacha masalia yenye sumu yaitwayo MBOA na BOA. Fusarium verticillioides, kuvu ya kawaida sana kwenye mahindi, huigeuza BOA kuwa kitu kisichoisumbua. Inahitaji jeni kutoka sehemu mbili tofauti za jenomu kufanya hivyo; moja ikikosekana, kazi haikamiliki.

Kuvu inaweza kuitoa sumu nje bila kuivunja?

Ndiyo, na huenda hii ndiyo njia inayodharauliwa kuliko zote. Kwenye utando wa seli ya kuvu kuna protini zinazofanya kazi kama pampu. Botrytis cinerea ina pampu iitwayo BcatrB inayoitapika kamaleksini, fitoaleksini ya Arabidopsis, mmea mdogo wa jamii ya haradali unaotumiwa sana maabarani. Kuvu ikipokonywa pampu hiyo inadhoofika kwenye mmea unaotengeneza kamaleksini, lakini kwenye mmea usioitengeneza inarudia ukali wake.

Mkulima anapaswa kulijua hili kwa sababu pampu haibagui sana. Pampu hiyo hiyo ya BcatrB, ikifanya kazi kupita kiasi, huitoa nje pia dawa ya kuua kuvu. Aina za Botrytis zenye tabia hiyo zimepatikana kwenye mashamba ya mizabibu Ufaransa na Ujerumani. Silaha iliyonolewa kwa ajili ya mimea ikageuzwa dhidi ya bomba la dawa.

## Ushahidi, na pale mambo yanapokataa kunyooka

Nimeona maabarani kuvu ikivunja sumu ya mmea. Si nimeshathibitisha kuwa ndivyo inavyouambukiza?

Bado. Hili ndilo kosa ninalolikuta mara nyingi kuliko yote. Ulichothibitisha ni kwamba kuvu inaweza. Hujathibitisha kwamba inahitaji.

Njia ya kuamua ni kuiharibu jeni ya kimeng'enya hicho na kuirudisha kuvu kwenye mmea. Matokeo hayafanani hata kidogo. Kwenye oti kuvu ilishindwa kabisa. Kwenye njegere, kuvu iliyopokonywa kimeng'enya cha pisatini iliendelea kuambukiza, ila kwa nguvu pungufu. Fusarium ya nyanya ilichelewa tu kuleta mnyauko. Na ile Gloeocercospora ya mtama? Ilipopokonywa kimeng'enya cha sianidi, iliendelea kuushambulia mtama kama kawaida.

Inawezekanaje kimeng'enya kiondolewe na ugonjwa ubaki?

Kwa kawaida kuna njia ya pili. Kuvu nyingi zina upumuaji mbadala ambao sianidi haiuzimi, kwa hiyo kukosa kimeng'enya si lazima kuwe kifo. Kwenye njegere jibu lilipatikana mwaka 2011: kuvu ina pia pampu inayoitoa pisatini nje. Ikipokonywa kimeng'enya peke yake, inasumbuka kiasi. Ikipokonywa kimeng'enya na pampu kwa pamoja, inadhoofika vibaya, kwenye sahani na kwenye mmea pia.

Kwa hiyo matokeo ya "hakuna badiliko" usiyatupe haraka. Mara nyingine yanasema kwamba umefunga mlango mmoja wa nyumba yenye milango miwili.

Kuna wakati kuvunja sumu kunamgeukia mvunjaji?

Kuna. Mizabibu hutengeneza resveratroli, na Botrytis cinerea ina lakasi, kimeng'enya kinachoioksidisha. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kuwa hiyo ni kinga ya kuvu. Mwaka 2002 ikaonekana kinyume: lakasi husika huigeuza resveratroli kuwa vitu vikali zaidi, na kuvu inajitia sumu yenyewe. Kuvu iliyopokonywa lakasi hiyo ndiyo iliyoivumilia resveratroli. Ukiona kimeng'enya kinaibadilisha sumu, uliza kwanza kimeibadilisha kuwa nini.

Kuvu inaweza kuuzuia mmea usitengeneze kinga yake?

Ndiyo. Ustilago maydis, inayoleta uvimbe mweusi kwenye masuke ya mahindi, huingiza ndani ya seli za mmea protini iitwayo Cmu1. Protini hii huvuta malighafi iitwayo korismati kuelekea njia nyingine, na mmea unabaki na kidogo cha kutengenezea asidi salisiliki, ishara kuu ya kuamsha kinga. Hii imejulikana tangu 2011. Magnaporthe oryzae ya mpunga hufanya jambo la jirani: huibadilisha jasmonati, ishara nyingine ya mmea, ili isisikike.

Kwa nini parachichi huvunwa likiwa safi, kisha linaoza likiiva?

Colletotrichum gloeosporioides huwa imeshaingia kwenye ganda tangu tunda likiwa juu ya mti, ikatulia. Ganda bichi lina dieni, kemikali inayoizuia. Tunda linapoiva, dieni hupungua kwa sababu ya kimeng'enya cha tunda lenyewe kinachoioksidisha. Kuvu haikuvunja kitu. Ilingoja mwenye nyumba ashushe ukuta.

Botrytis inatajwa kila swali. Ina nini?

Inashambulia mamia ya aina za mimea, kwa hiyo inakutana na sumu za kila namna. Hubeba zana nyingi na kuzitoa inapohitajika: kwa mfano jeni ya kugeuza kapsidioli, fitoaleksini ya pilipili na tumbaku, huamka kuvu ikikutana na sumu hiyo. Kuvu za mmea mmoja au miwili hubeba zana chache zilizonolewa sana.

## Matumizi, na maswali ya pembeni

Basi si tuipe mimea sumu zaidi?

Imejaribiwa. Mwaka 1993 jeni ya kutengeneza resveratroli ilitolewa kwenye mzabibu na kupandikizwa kwenye tumbaku, na tumbaku ile ikaimudu Botrytis vizuri zaidi kuliko awali. Mantiki ni nzuri: mpe mmea sumu ambayo wavamizi wake wa kawaida hawajawahi kukutana nayo. Ugumu ni kwamba kuvu nazo hubadilika, na sumu inayodhuru kuvu huweza kuudhuru mmea wenyewe ikizalishwa mahali pasipofaa.

Hatuwezi kukizuia kimeng'enya cha kuvu badala yake?

Wazo hili nalipenda zaidi, na mimea imetutangulia. Kamaleksini, mbali na kuwa sumu, huzuia kile kimeng'enya cha Leptosphaeria maculans kinachoioksidisha brasinini. Wanakemia wametengeneza molekuli zinazofanana nayo, zenye lengo la kulinda fitoaleksini ya mmea badala ya kuiua kuvu moja kwa moja. Kwa sasa hizo ni kazi za maabara.

Mmea nao unaweza kuvunja sumu za kuvu?

Unaweza, na ndivyo ilivyoanza historia ya jeni za ukinzani. Jeni ya kwanza ya ukinzani dhidi ya ugonjwa wa mimea kutengwa, Hm1 ya mahindi mwaka 1992, ni ya kimeng'enya kinachoivunja nguvu sumu ya Cochliobolus carbonum. Mwaka 2020 ikaja Fhb7, jeni kutoka jamaa wa ngano aitwaye Thinopyrum, inayopoza sumu za Fusarium. Inaelekea jeni hiyo yenyewe ilitoka kwa kuvu ya jamii ya Epichloë inayoishi ndani ya nyasi. Mmea ulikopa silaha ya kuvu dhidi ya kuvu.

Kwa nini vitunguu vyeupe hupata madoa meusi kuliko vyekundu?

Rangi yenyewe siyo dawa, ila inaambatana nayo. Maganda makavu ya nje ya vitunguu vyekundu na vya njano yana katekoli na asidi protokatekuiki, ambazo maji huziyeyusha na kuzuia mbegu za Colletotrichum circinans zisichipue juu yake. Vitunguu vyeupe havina kinga hiyo. Lakini menya kitunguu chekundu hadi kwenye nyama, ukiweke kuvu hiyo hiyo, nacho kitashambuliwa.